Nilimeza viwili, nikanyamaza

Nianze na aibu yangu kabisa, usije ukafika katikati ukasema nilikuficha. Mimi nauza kwenye duka la dawa muhimu, haya maduka ambayo yalianzia hukuhuku kwetu Ruvuma mwaka 2003 kabla hayajasambaa nchi nzima, cheti changu cha mafunzo kimebandikwa ukutani juu ya friji, na kila siku kazi yangu ni kumuuliza mteja "unatumia dawa gani nyingine?" kabla sijampa chochote. Na mimi huyohuyo, Juni 2021, nikiwa na mimba ya wiki 29 na siku 5, tumbo lilipoanza kukaza nikachomoa vidonge viwili vya salbutamoli kwenye kopo la dukani, nikashushia na chai ya rangi, halafu nilipofika kituo cha afya nesi akaniuliza umetumia dawa yoyote, nikasema hapana.

Hivyo tu. Hapana.

Sababu? Nesi aliyekuwa zamu ananijua. Tunakutana sokoni, anaagiza vitu vyake kwangu, ananiita "dokta" kwa utani. Ningeanzaje kumwambia kwamba dokta wa mtaani kajitibu mwenyewe gizani kama mteja yule ninayemgombezaga kila siku? Nikaona bora ninyamaze, vidonge viwili tu, vitafanya nini.

Kwa wasioijua, salbutamoli ni dawa ya pumu. Inalegeza misuli ya njia za hewa mtu akapumua. Ila wakunga wa zamani wanaijua kwa kazi nyingine, kwa sababu miaka ya nyuma hiyo na ndugu zake ndiyo ilikuwa dawa ya kutuliza mji wa mimba unapoanza uchungu kabla ya wakati, msuli ni wa aina moja, msuli laini, ule unaofanya kazi bila wewe kuuamuru. Kuna bibi mmoja nesi mstaafu, mteja wangu wa vidonge vya presha, ndiye aliyewahi kunisimulia hayo akiwa amekaa kwenye benchi la dukani akisubiri mvua ipungue, "siku zetu mwanangu tulikuwa tunazuia kwa hizi hizi". Mimi nikaliweka kichwani, na kichwa kikalitoa siku mbaya.

Usiku wenyewe ulikuwa wa baridi ile ya Mbinga ya mwezi wa sita, ya kulala na soksi, watu wapo kwenye kahawa mashambani, mchana kutwa nilikuwa nimesimama kaunta. Jioni kiuno kikaanza kuvuta. Nikadhani choo. Nikadhani ile UTI niliyotibiwa wiki mbili nyuma imerudi (na huenda kweli ndiyo ilikuwa chanzo, maambukizi ya njia ya mkojo ni moja ya vitu vinavyoamsha uchungu mapema). Saa 3 na nusu usiku nikameza. Saa 4 nikaanza kuhesabu kwa simu, tumbo linakuwa gumu kama ubao, linaachia, dakika nane, linakuwa gumu tena. Baba watoto akaita boda, mama mkwe akanifunga vitenge viwili akapanda ya pili, hao.

Pale kituoni nesi akapima, njia imefunguka sentimita 2, chupa haijapasuka. Akaweka ile pembe ya kusikilizia tumboni, akainamisha sikio, kimya, mimi nahesabu na yeye kwa kumwangalia midomo. Moyo wa mtoto uko vizuri. Akaja dokta, kijana mdogo, akauliza wiki, damu inatoka? hapana, homa? hapana, kichwa kinauma, unaona maluweluwe? hapana. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini maswali yale yote, maana ukiwa unatokwa damu kondo la nyuma limeachia, au una maambukizi ndani ya chupa, au kifafa cha mimba kinanyemelea, kumzuia mtoto asitoke ni kumfungia ndani ya nyumba inayoungua. Kwangu vyote hapana. Basi saa 5 usiku nikachomwa sindano ya deksamethasoni pajani na nikapewa nifedipini, miligramu 20.

Nifedipini nayo naijua kwa kazi nyingine, ni dawa ya presha. Inatanua mishipa ya damu.

Unaona tunakoelekea.

Haikupita nusu saa uso ukawa wa moto kama nimeinamia sufuria la ugali, moyo unakimbia mpaka nausikia kwenye meno, nikajaribu kukaa nikaona taa ya dari inasogea. Nesi akafunga mashine mkononi, 84 kwa 48. Mapigo 140. Dokta akarudi mbio akaniuliza tena, mama, kuna dawa umetumia? Hapana. Akatazama ile namba. Akamwangalia mama mkwe, akamwambia kwa heshima, mama naomba utupishe kidogo. Mlango ulipofungwa akavuta stuli akakaa, uso wake ukawa usawa na wangu, akasema taratibu, "Dada, sitakugombeza. Umemeza nini kabla ya kuja hapa?"

Nikamwambia. Vingapi? Viwili. Vya ngapi? Miligramu nne nne. Saa ngapi? Saa 3 na nusu. Akaandika kwenye faili bila kuinua macho wala kuguna.

Na hapo dirishani, maana lilikuwa wazi, ikasikika sauti ya mama mkwe: "Dokta, na mimi nilimpa dawa jioni. Ya majani." Majani ya nini hakujua kwa jina la Kiswahili, alilitaja kwa Kimatengo, yeye alipewa na mama yake, ni ya kushikiza mimba. Kwa hiyo mwilini mwangu usiku ule kulikuwa na mchanganyiko wa dawa tatu za kuzuia uchungu na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyeupanga. Moja imetoka shelfuni kwangu, moja shambani, moja serikalini. Zilikutana njiani zenyewe.

Sasa, hili jambo la kuchanganya. Nilipotoka salama lilinikaa moyoni, kazi yangu inanipa muda mwingi wa kukaa na simu mteja asipokuwepo, nikawa nasoma. Kwa sababu swali lenyewe si la kijinga hata kidogo. Sisi Watanzania tunajua mseto. Malaria tulianza na klorokwini, ikachoka, ikaja SP, ikachoka, mpaka tukafika kwenye dawa mseto na kila mtoto wa shule anajua neno hilo. Kifua kikuu mseto, VVU mseto. Kwa nini basi uchungu wa mapema usipigwe kwa mseto?

Na kwa kuutazama mji wa mimba unavyofanya kazi wazo linakuja lenyewe. Ule ni msuli, na msuli ili ukaze unahitaji kalsiamu iingie ndani ya seli. Nifedipini inafunga mlango wa kalsiamu. Salbutamoli inapita upande mwingine kabisa, inabonyeza swichi inayoiambia seli ipumzike. Indomethasini, hii ambayo dukani tunaijua kwa maumivu ya viungo, inakata utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazolainisha mlango wa kizazi na kuchochea uchungu. Atosibani inakalia kiti cha oksitosini ili homoni yenyewe ikija ikute kiti kina mtu (hiyo sijawahi kuiona kwa macho, ni ya Ulaya, ya bei, na Marekani hawajaisajili). Magnesiamu inasukumana na kalsiamu. Milango mitano tofauti. Ukifunga mmoja uchungu unapita kwa jirani, kwa nini usifunge miwili?

Nilifikiri sana na jibu nililolipata, hili ni la kwangu la kaunta lakini sijaona wa kunikatalia, ni kwamba mseto wa malaria unapiga kimelea. Kimelea ni mgeni, ukimpiga pande mbili akafa, furaha. Mji wa mimba ni nyama yako. Na msuli laini haupo pale tu, upo kwenye kila mshipa wa damu mwilini, kwa hiyo kila dawa unayoongeza ili ulegeze tumbo inalegeza na mishipa, presha inashuka, moyo unakimbia kufidia, na kama mtu amekujazia na dripu za maji kwa kasi huku una dawa za kundi la salbutamoli mwilini maji yanaweza kupanda kwenye mapafu ukazama ukiwa kitandani. Ndiyo maana yule dokta kijana alipokuja kunitundikia dripu aliishika ile rola kwa kidole gumba akaipunguza, akapunguza tena, ikawa inadondoka tone, unasubiri, tone. Nikajua kwa nini miezi mitatu baadaye. Usiku ule nilidhani anabania maji.

Watafiti nao wameliuliza swali hili. Cochrane, wale wanaokusanya majaribio ya watu na kuyapima upya, mwaka 2014 walikusanya majaribio 11 ya kuchanganya dawa za kuzuia uchungu, na walipomaliza hawakuweza kusema kama mchanganyiko una faida kuliko dawa moja, majaribio yenyewe madogo madogo, kila mmoja kachanganya vyake. Mwaka 2022 wakaja na kubwa zaidi, majaribio 122, wanawake 13,697, dawa zote zikashindanishwa kwa pamoja. Hapo mchanganyiko ukaonekana kweli unasaidia mimba kuvuka saa 48, hata siku 7, upo kundi moja na nifedipini, atosibani na dawa za naitriki oksaidi, ambazo nazo zinalegeza msuli laini. Ningeishia hapo ningefurahi. Lakini ukishuka kwenye wanawake walioachishwa dawa kwa sababu ya madhara, kundi la salbutamoli ndilo linaongoza, na anayelifuata ni huyohuyo mchanganyiko. Na ukitafuta swali ambalo mama yeyote angeuliza kwanza, je watoto walipona zaidi, jibu halikuwa la uhakika.

Unaweza kununua siku na usinunue mtoto. Sentensi hii niliiandika nyuma ya leja ya duka, bado ipo.

Kuna mchanganyiko mmoja uliniacha mdomo wazi. Misri mwaka 2019 walichapisha jaribio la nifedipini pamoja na sildenafili, ndiyo, hiyohiyo Viagra ambayo wanaume wanakuja kuniulizia kwa kunong'ona wakijifanya wanatafuta dawa ya mafua. Wanawake waliopewa zote mbili, 82 katika kila 100 walibaki hawajajifungua wakiwa hospitali, waliopewa nifedipini peke yake 69. Namba nzuri. Sasa mwaka mmoja kabla, 2018, Uholanzi walilazimika kusimamisha jaribio lingine la sildenafili kwa wajawazito, hilo lilikuwa la watoto wasiokua tumboni, halikuwa la uchungu, baada ya watoto 11 kufa kwa matatizo ya mapafu. Ni matumizi tofauti, dozi tofauti, muda mrefu zaidi, simaanishi Wamisri walikosea. Ila mimi ningekuwa pale kitandani na mtu akanitajia mchanganyiko huo ningemwomba anisimulie habari zote mbili.

Hata hivyo wahenga wa hospitali walishafanya makubwa kuliko hayo. Miaka ya sitini huko New York, Fritz Fuchs, daktari mzaliwa wa Denmark, alikuwa anazuia uchungu kwa pombe. Ya dripu! Pombe inazuia ubongo kutoa oksitosini, hesabu ilikuwa na mantiki, na wajawazito wakawa wanalewa na kutapika wodini kwa maelekezo ya daktari, mtindo ukaenea miaka kadhaa mpaka dawa nyingine zikaja zikauzika. Nawaambia hivi halafu kesho nisikie mtu ameenda kutafuta ulanzi.

Turudi kwangu. Usiku ule presha ilipanda taratibu, saa 8 ikafika 100 kwa 62, nifedipini ya awamu ya pili haikutolewa kwa wakati wake, dokta akasema tunasubiri mwili utoe kwanza ya dukani kwako. Ya dukani kwako. Hilo neno bado linanichoma. Uchungu ukapungua lakini haukuisha, na asubuhi wakaamua rufaa Songea, kwamba hapa hata tukifanikiwa kumtoa hatuna pa kumweka.

Na hapa ndipo nilipoelewa dawa za kuzuia uchungu zinafanya kazi gani, kwa sababu nilikuwa nadhani, na najua wengi mnadhani, kwamba zinazuia. Hazizuii. Zinachelewesha, na lengo ni siku mbili tu. Siku mbili za nini? Za zile sindano nne za deksamethasoni, miligramu sita kila baada ya saa 12, zinazopita kwa mama kwenda kuyakomaza mapafu ya mtoto, na za safari ya kufika penye mashine. Ukipewa nifedipini bila sindano na bila safari umenunua saa 48 ukaziweka kabatini.

Habari ya sindano hizo ilianzia kwa kondoo. New Zealand, daktari mmoja Liggins alikuwa anachunguza nini kinaanzisha uchungu, akawachoma kondoo homoni, wanakondoo wakazaliwa mapema mno, wale wa kufa tu, kumbe wanapumua. Yeye na mwenzake Howie wakaja kujaribu kwa wanawake wa Auckland wakachapisha mwaka 1972. Lakini usidhani ni dawa ya kumchoma kila mtu. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, la kusambaza sindano hizo mpaka ngazi za chini, na kwa ujumla vifo vya watoto vikaongezeka badala ya kupungua, wengi waliochomwa hawakuja kuzaa njiti kabisa. Kisha Shirika la Afya Duniani likarudia kwenye hospitali zenye uwezo, Kenya tena ikiwemo, pamoja na Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, wanawake 2,852, wiki zikapimwa kwa ultrasaundi, maambukizi yakachujwa, na mwaka 2020 jibu likatoka, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 23.5 hadi 19.6 katika kila 100. Dawa ileile. Kilichobadilika ni anayeitoa, anampa nani, na mtoto anazaliwa wapi.

Ndiyo maana nasema mseto wenyewe wa njiti ni huu, nifedipini ya kununua muda, deksamethasoni ya mapafu, magnesiamu ya ubongo, na gari. Gari nalihesabu kama dawa na ningependa liandikwe kwenye mwongozo lina dozi yake na muda wake, maana letu lilichelewa saa mbili na robo, kwanza dereva hayupo, akapatikana, kisha mafuta, baba watoto akatoa elfu arobaini ya kahawa. Siandiki ni kituo gani, walinitibu vizuri na mafuta si yao kuyachimba.

Sindano ya pili ilikuwa ya saa 5 asubuhi, na saa 5 asubuhi ikatukuta Kigonsera. Nesi aliyenisindikiza, yuleyule anayeniita dokta, alikuwa ameibeba kwenye kimkoba chake na alarmu ya simu yake ikalia wimbo wa kwaya. Akagonga kioo cha dereva, "simama." Akasimamisha ambulensi pembeni, watoto wa shule wakawa wanachungulia, akafunua kitenge akanichoma, akaandika saa kwenye kiganja chake kwa peni ya bluu, akagonga tena kioo, twende. Wala hakuwa amenisema kitu kuhusu jana. Aliniambia tu, "ungeniambia mimi nisingemwambia mtu."

Songea sindano ya tatu, ya nne. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri saa 5 ya Jumatano asubuhi. Nifedipini walirudisha kidogo kidogo wakipima presha kila mara, na kuna daktari mmoja kwenye raundi aliuliza kwa nini tusimuongezee indomethasini, alikuwa na hoja, mimba iko chini ya wiki 32, baada ya hapo haitakiwi kwa sababu inaweza kufunga mapema mshipa ambao mtoto anautegemea akiwa tumboni na kupunguza maji ya chupa. Mkubwa wao, mama mmoja wa makamo mwenye miwani imefungwa kamba, akasema hapana, huyu moyo wake umeshakimbizwa vya kutosha wiki hii, sindano zimetimia, yuko hapa, mtoto akitaka kuja aje. Nilikuwa nasikiliza nimefumba macho. Kuna daktari mwingine angeongeza na asingekuwa amekosea. Lakini yule mama alikuwa na kitu mkononi ambacho utafiti hauna, alikuwa na faili langu lenye ule mstari, salbutamoli 8, saa 3:30 usiku.

Jumatano jioni njia ikafika sentimita 5, wakaacha kuzuia, wakaweka magnesiamu salfeti. Wengi tunaijua kwa kifafa cha mimba, hapa ilikuwa ya kumkinga mtoto na mtindio wa ubongo, kwa mimba za chini ya wiki 32. Ya kuzuia uchungu haifai, zamani waliitumia sana kwa kazi hiyo na Cochrane mwaka 2014 hawakuona kwamba inasaidia. Ikiingia unahisi moto unapanda kutoka tumboni mpaka kwenye masikio. Na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kwenye nifedipini, ambayo ikikutana na magnesiamu kuna wasiwasi wa presha kudondoka na misuli kulegea mno, ingawa tafiti za baadaye zimeupunguza wasiwasi huo, nesi hakuniacha. Anagonga goti kwa kinyundo aone mguu unaruka, anahesabu pumzi zangu, anatazama mfuko wa mkojo, na pembeni kwenye trei kuna kichupa cha kalsiamu kimeshavunjwa shingo tayari, ndiyo dawa ya kuirudisha ikizidi. Dawa mbili, macho mawili, na kichupa cha kurudia. Mimi nilivichanganya vya kwangu na chai.

Alizaliwa saa 9 usiku, saa 52 tangu sindano ya kwanza. Msichana, gramu 1,380. Alitoa sauti kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta, wakampeleka kwenye ile mashine ya mapovu ya kumsaidia kupumua, siku tatu, kisha akapumua mwenyewe. Maziwa nilikuwa nakamua kwenye kikombe, yanavutwa kwa bomba la sindano, mililita 2, yanashuka kwa mpira uliopita puani, ukishika bomba juu yanashuka haraka, ukishusha yanasimama, nilijifunza mkono wangu uwe urefu gani. Kisha kangaruu, ngozi kwa ngozi, kifuani, kofia ya sufi, khanga imebana. Mama mkwe ndiye alikuwa bingwa, alikuwa akimpokea anakaa wima saa nne nzima hajinyooshi, na mwaka huohuo, nilikuja kusoma, jaribio lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania lilionyesha kumweka mtoto kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atulie kwanza, kunapunguza vifo kwa robo. Mama mkwe nilipomwambia akasema kumbe walikuwa wanabishana hilo?

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili maneno yake kuhusu nifedipini. Mwongozo wa 2015 ulikuwa umesema dawa za kuzuia uchungu hazipendekezwi, huu mpya ukasema nifedipini inaweza kufikiriwa kwa masharti, wiki 24 hadi 34, na moja ya sababu ni hiyohiyo ya kupata muda wa sindano na rufaa. Kwa hiyo nilichopewa mimi kilikuja kupata baraka mwaka mmoja baadaye. Na mwaka 2025 sheria ya kazi ikarekebishwa, mama aliyejifungua njiti likizo yake inaongezwa kwa zile wiki zilizokuwa zimebaki mimba itimize wiki 40. Mimi hainihusu, bosi wangu ni mimi na alikuwa ananidai nirudi kaunta.

Juzi Ijumaa nafunga duka, saa 2 imepita, akaja kijana anahema. Dada naomba vidonge viwili vya salbutamoli, vya mama, ana pumu. Viwili. Si dozi, si pakti, viwili. Nikamwangalia. Nyuma yake bodaboda imewashwa taa na juu ya boda kuna msichana amejikunja ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Nikamuuliza pumu ya nani.

Akakaa kimya, nami nikanyamaza, najua ule ukimya unavyokuwa. Nikatoka nje. Wiki ngapi? Thelathini na moja, dada. Damu? Hapana. Maji yametoka? Hapana. Umekunywa nini tangu jioni, chochote, hata cha bibi? Akamtazama mumewe kwanza. Panadol moja saa 12, na kuna kidonge cha presha cha baba mkwe, kile cha njano, nusu saa iliyopita, shemeji kasema ndiyo wanayotoa hospitali. Nikauliza pakti iko wapi, kijana akaitoa mfukoni. Nifedipini kweli, lakini ile ya kuachia polepole ya wagonjwa wa presha, miligramu 20, si ile wanayotumia leba.

Nikaomba kadi ya kliniki. Nikageuza nyuma, nikaegemea tanki la boda, nikaandika kwa herufi kubwa: NIFEDIPINI YA POLEPOLE 20, KIDONGE 1, SAA 1:50 USIKU. PANADOL 1, SAA 12 JIONI. SALBUTAMOLI HAJAPEWA. Nikambandikia na pakti yenyewe kwa plasta, nikamwambia kijana ukifika usiseme neno lolote, wape hii kwanza.